Maji ya Mtaro wa Barabara

Mume wangu alikuwa mnyapara wa barabara wakati wa Wadachi, yaani Wajerumani. Barabara yenyewe ni ile itokayo Dodoma kwenda Kondoa, na kipande alichopewa kukisimamia kilikuwa katika nchi ya Wagogo, karibu na Makutupora. Mimi ni Mrangi, nimezaliwa milimani Kondoa, penye chemchemi na mabonde ya baridi. Aliponioa alikuwa tayari ameshika kazi hiyo, akaja kunichukua kwa baba yangu, tukashuka kwa miguu mimi na yeye na dada yake aliyenisindikiza, nimejitwika chungu kipya na mkeka. Kila tulipofika mahali palipokwisha kutengenezwa, aliniambia nitembee katikati, nisitembee pembeni, nisikie chini ya nyayo jinsi palivyoshindiliwa. Nami ni bibi harusi, miguu inauma, nikasema moyoni: huyu mwanamume ana mambo.

Tulikaa katika nyumba ya udongo iliyojengwa na serikali kando ya barabara. Upande mmoja ulikuwa ghala la majembe, mashoka na machepeo, upande wa pili ndipo kwetu. Mbele palikuwa na kibanda cha wapita njia na mitungi ya maji. Kuijaza ile mitungi hakuna aliyeniandika kazi, lakini mtu akishuka kutoka Kondoa na mzigo wa nta kichwani, akikuta mtungi mtupu, atamlaumu nani? Atamlaumu mke wa mnyapara. Basi nikawa nachota.

Watu wa siku hizi wanaiona barabara imelala pale, wanadhani iliota. Haikuota. Kwanza alikuja Mdachi mwenye kazi hiyo, ambaye sisi tulimwita Bwana Barabara, amepanda nyumbu, na nyuma yake watu wamebeba darubini ya miguu mitatu, kamba na vigingi. Alichungulia ndani ya darubini, akapunga mkono kulia, akapunga kushoto, watu wakapiga kigingi. Penye kigingi ndipo barabara ilipopita, hata ikiwa ni katikati ya shamba la uwele la mtu. Kisha agizo likatoka bomani: kila jumbe atoe watu. Wakaja, wakakata migunga, wakang'oa visiki, na kisiki cha mgunga ukikiona juu ni kidogo lakini chini kina ukoo mzima. Wakachimba mitaro pande mbili, udongo wake wakautupia katikati, mpaka pakawa na mgongo kama wa ng'ombe aliyenona, ili maji ya mvua yateremke huku na huku. Penye makorongo madogo wakalaza magogo, juu yake mawe, juu ya mawe udongo.

Ikiisha hapo, haijaisha. Mvua moja kubwa inaweza kuila kazi ya mwezi. Majani yanaota katikati, mitaro inajaa mchanga, magogo yanaliwa na mchwa. Kwa hiyo kila jumbe alipewa kipande chake cha kutunza, na kila masika yakipita watu wake walitoka kufyeka, kuzibua na kujaza mashimo. Kuhakikisha wametoka, na kwamba kazi imekuwa kazi, ndiyo ilikuwa riziki ya mume wangu.

Sitasema walitoka kwa furaha. Hakuna aliyeulizwa kama anataka. Mwanzoni alikuwapo askari mwenye kiboko, na nilisikia mara nyingi kikilia nikiwa jikoni, nikaacha kusonga ugali mpaka kinyamaze. Mume wangu hakukipenda. Alikuwa na sauti kubwa, akitumia hiyo. Yule askari alipohamishwa na kupelekwa Kilimatinde, mume wangu hakuomba mwingine, akawaambia majumbe kwamba ataandika kila kitu kinakwenda vizuri, mradi nao wasimwaibishe. Wakaelewana hivyo, kwa kuvutana kidogo kidogo.

Chini ya barabara, kwenye mteremko, palikuwa na tembe la mama mmoja wa Kigogo, mjane. Mumewe alikuwa amekwenda pwani na misafara mara nyingi, akarudi na Kiswahili cha njiani, naye mama akakiokota kwake. Alikuwa na ng'ombe wachache, na shamba la uwele na karanga lililoinama kuelekea bondeni. Tangu nifike alikuwa akiniitikia salamu tu. Nikimwambia, "Shikamoo mama," anajibu, "Marahaba," anapita. Nilidhani ana kiburi. Baadaye nilijua alikuwa akinitazama kwanza, kama mtu anavyomtazama ndama aliyeletwa kutoka boma jingine.

Mvua kubwa ya kwanza ya mwaka ule ilinyesha kama iliyotumwa. Asubuhi nimefungua mlango, namkuta mama amesimama na ungo kichwani. Akautua, akaumimina mlangoni kwangu: matope mekundu, na ndani yake mbegu za karanga zimeanza kuchipua.

"Mwite mumeo," alisema.

Mume wangu akatoka, bado anafunga shuka. "Mama, kuna nini?"

"Nimekuletea udongo wako. Umelala shambani kwangu, nami sikuualika."

Alitueleza, nusu Kiswahili nusu Kigogo, na mkono ukimalizia palipopungua maneno. Zamani maji ya mvua yalishuka mteremkoni kila mahali, kidogo hapa, kidogo pale. Sasa mtaro wa barabara unayakusanya yote, unayabeba mbali, na mwisho wake unayatapika mahali pamoja, shambani kwake. Karanga zimekwenda. Katikati ya shamba pamechimbika korongo la kumeza mbuzi.

"Mtaro umechimbwa na serikali," mume wangu alisema. "Bwana Barabara mwenyewe aliweka kigingi pale."

"Serikali ina shamba hapa?"

"Haina."

"Basi haijui kulia." Akachukua ungo wake, akaondoka.

Mume wangu alikaa kizingitini akiyatazama yale matope. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa agizo. Akiyaziba maji yasitoke pale, yatarudi yaikate barabara. Akiyaacha, shamba la mama limekwisha. Nikamwambia kwetu mlimani maji hayazibwi wala hayaachwi, yanasumbuliwa. Akaniuliza maana yake nini. Nikamwambia baba yangu alikuwa akilaza matuta kukata mteremko, moja chini ya jingine, maji yakifika tuta la kwanza yanapoteza hasira, yakifika la pili yanatembea, yakifika la tatu yanalala.

"Huku si mlimani," alisema.

"Maji ni yale yale."

Siku hiyo hakukubali. Nami nilichukua jembe moja ghalani, nikashuka shambani kwa mama. Nilimkuta anaokota karanga zilizobaki. Sikujua nianzie wapi, nikamsalimu kwa salamu yao niliyoisikia kwa wapita njia, "Mbukwa." Nadhani niliitamka vibaya, maana alicheka mpaka akaketi. Kisha akasogea, tukaanza kulaza matuta.

Tulifanya kazi siku kadhaa. Yeye alijua udongo wa pale. Alinionyesha pa kuchimba na pa kuacha, kwa kuwa chini ya mchanga mwekundu kuna mahali pagumu kama sakafu. Mimi nilijua kulaza tuta. Tuliongea kwa mikono zaidi kuliko mdomo, na jua lilikuwa likituchoma sawasawa. Mvua iliyofuata ikaja, ikayabomoa matuta yetu yote, kama mtoto anavyofuta majivu kwa kiganja. Nilisimama pale nimelowa, machozi yanakaribia. Mama akanitazama, akasema, "Mwanangu, kwenu mlimani maji yana adabu. Haya yamelelewa na Wadachi."

Ndipo mume wangu aliposhuka mwenyewe. Alizunguka, akapima kwa macho, akakuna kidevu. Akasema kosa si matuta, kosa ni mdomo wa mtaro, unayatoa maji yote kwa mkupuo mmoja. Akapanda barabarani, akaufungua mtaro mahali pawili kabla ya kufika pale, maji yagawanyike, na penye kila mdomo akapanga mawe. Sisi tukayaanza matuta upya, mapana na mafupi, na juu yake mama akachomeka vijiti vya minyaa, ambayo huko kwetu Ugogo, na nasema kwetu kwa kuwa nimekuwa wa huko, hata ukikitupa kijiti chake kinaota.

Mvua ya tatu tulikaa mlangoni tukitazama. Maji yalikuja mekundu, yakagonga mawe, yakatawanyika, yakapanda tuta la kwanza, yakasita. Yalipofika chini yalikuwa yamekonda. Kesho yake shamba lote lilikuwa limelowa sawasawa, na yale matope ya barabara yaliyomuudhi mama yalikuwa yamelala juu yake mazuri, laini, kama mbolea. Mama alitia kidole, akanusa. Jioni aliniletea kibuyu cha maziwa ya mgando.

Mwaka ule, mahali ambapo hata uwele ulikuwa ukijivuta, mama alivuna mahindi. Na kule chini, tuta la mwisho lilipolaza maji, alipanda matikiti. Yalitanda kama watoto waliolala mkekani. Watu walisimama barabarani na mizigo kichwani kuyatazama.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Wale wale waliokuwa wakijificha porini wakisikia mnyapara anakuja, sasa wakawa wanamfuata nyumbani. "Mnyapara, nasi tupe maji." "Mnyapara, mtaro unapita kwangu, mbona haunitemei?" Mume wangu akawajibu kwamba mtaro uliojaa mchanga hautemi maji. Mtu akitaka maji, auzibue. Wakauzibua bila kuitwa. Nisiseme zaidi ya ukweli: walizibua ule wa mbele ya mashamba yao, na penye pori tupu iliendelea kuwa vuta nikuvute kama zamani. Lakini sauti ya mume wangu ilipumzika, na mimi nikaanza kusikia vicheko vya watu wakiwa kazini, kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu nije.

Penye neema hapakosi tamaa. Masika yaliyofuata, shemeji yake mama, ndugu wa marehemu mumewe, ambaye shamba lake lilikuwa upande wa pili wa barabara ambako maji hayafiki, aliona anaonewa. Hakuuliza mtu. Asubuhi moja tulisikia kelele, tukatoka, tukakuta barabara imekatwa katikati, mfereji mzima kutoka upande huu hadi ule, na ndani yake umezama mkokoteni wa mfanyabiashara aliyekuwa anateremsha nta na ngozi kwenda kwenye gari moshi Dodoma. Mhimili wa mkokoteni haukuvunjika, Mungu alisaidia, ila gurudumu moja lilikuwa limelala chali likitazama mbingu, na mwenye mali anatukana kwa lugha tatu.

Mume wangu alipauka. Tulikwisha kupata habari kwamba Bwana Barabara ametoka Dodoma kukagua, na atafika kwetu kesho. Barabara iliyokatwa makusudi haikuwa jambo la kukemewa tu. Kijiji kizima kingechapwa, na yeye kazi ingeota mbawa.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza, sauti ile ya zamani imerudi.

Mama alitoka katikati ya watu, akaenda moja kwa moja kwa shemeji yake, akamtazama miguuni. Miguu ilikuwa na matope mabichi mpaka magotini.

"Shemeji," alisema, "ulinawa uso ukasahau miguu."

Hata mwenye mkokoteni alicheka. Yule mzee akainama. Akasema shamba lake limekufa kwa kiu huku anasikia maji yanapita upande wa pili, na kwamba mtu mwenye kiu hasikii vizuri maneno ya serikali. Mume wangu hakumtukana. Akamwambia, "Leo utabeba mawe mpaka nikuambie basi. Na kuanzia leo, mahali hapa ni pako. Pakibomoka, nakuita wewe."

"Na maji?"

"Tukimaliza tutayazungumza maji."

Tulifanya kazi wote, wanaume na wanawake, na mimi nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza, nikapewa kazi ya kupitisha maji ya kunywa. Waliutoa mkokoteni, wakaujaza ule mfereji mawe, wakaacha katikati yake njia nyembamba iliyofunikwa na magogo, ili maji yapite chini na magurudumu yapite juu. Hayo ndiyo yalikuwa maji ya shemeji. Wakashindilia udongo kwa miguu wakiimba, wanawake wakijibu, vumbi linapanda, na nadhani hakuna ngoma niliyoifurahia kama ile. Jua lilipokuwa linashuka barabara ilikuwa nzima. Ukiitazama usingejua, ila rangi ya udongo ilikuwa mpya.

Kesho yake Bwana Barabara akafika na nyumbu wake, mpishi na askari wawili. Alikuwa mtu mrefu mwenye shingo iliyobabuka kwa jua, akisema Kiswahili cha kukatakata lakini cha kueleweka. Alitembea kwa miguu kipande chote. Penye udongo mpya alisimama, akapiga kisigino, akapiga tena. Mume wangu amesimama wima kama kigingi.

"Hapa pamefanywa daraja," alisema.

"Ndiyo, Bwana."

"Mimi sikuagiza daraja."

"Hapana, Bwana. Maji ndiyo yaliagiza."

Niliyasikia maneno hayo nikiwa kando ya mitungi, nikataka kuzama ardhini. Lakini Mdachi hakukasirika. Akaendelea, akafika kwenye midomo ya mtaro, akaona mawe, akaona matuta, akashuka mwenyewe mpaka shambani, viatu vyake vikubwa vikididimia. Alikaa huko akizunguka. Aliporudi alisema matuta mawili ya juu yako karibu mno na barabara, maji yakilala pale yatapenya chini yake na kuilainisha, yasogezwe mbali. Mengine yabaki. Na tulipochimba baadaye kuyasogeza tulikuta ni kweli, udongo wa chini ulikuwa umeanza kuwa uji. Kazi yake alikuwa akiijua.

Kisha akaelekeza fimbo kwenye matikiti. "Yale ni ya nani?"

Mama alikuwa amesimama hapo, mikono kiunoni. "Yangu."

"Mnyapara, mwambie nataka moja."

Mume wangu akamgeukia mama, uso wote unamwomba asiseme la kusema. Mama alifikiri kidogo. "Maji ni ya Mungu," alisema, "lakini mtaro ni wa kwake. Mwambie atapata moja."

Akashuka mwenyewe shambani, akayagonga kwa kidole moja moja, akalichagua moja, wala si lile kubwa kuliko yote. Yule Mdachi alilipasua juu ya jiwe la barabara, akala akiwa amesimama, maji yanamchuruzika ndevuni, akatema mbegu mtaroni. Alipopanda nyumbu alimwambia mume wangu neno moja tu, "Vizuri," na mume wangu akaishi nalo neno hilo mwezi mzima. Nilikuwa nikilala chumba kimoja na yeye na neno hilo.

Mtoto wangu alizaliwa baada ya mavuno, na mikono iliyompokea ilikuwa ya mama. Mama yangu mzazi alikuwa Kondoa, mbali, hakuwahi. Ramadhani ilipofika, yule mama ambaye hakufunga wala hakujua kibla kiko wapi, ndiye aliyekuwa akipanda mteremko na maziwa jua linapozama, akipiga hodi na kusema, "Limezama, nimeliona mwenyewe, kunywa." Nilimwita mama, naye aliniita mwanangu, na nilipokosea kupika mlenda aliniita Mrangi.

Baadaye vita vikaja, Wadachi wakaondoka, wakaja Waingereza, na mume wangu akaendelea na barabara ile ile kwa bwana mwingine. Lakini nikikumbuka maisha yale, sikumbuki sana mabwana. Nakumbuka siku tulipokwenda Dodoma mimi na mama, mwanangu mgongoni, kuuza karanga na kuliona gari moshi. Mama alilitazama likiingia na moshi wake, akaziba masikio, likasimama, akalizunguka kama anayenunua ng'ombe. Akasema, "Linapita juu ya chuma. Basi halina haja na mnyapara." Nikamwambia nalo lina wanyapara wake. Akalihurumia.

Tulirudi kwa miguu. Mbele yetu walitembea wanaume watatu wageni wenye mizigo, wakiongea. Mmoja akasema barabara hii ni nzuri, haina shida, miguu inajiendea yenyewe. Mama alinibonyeza ubavuni. Mwingine akasema, "Ah, nzuri wapi, kule mbele kuna mahali pana magogo, panakwaza." Mama akafungua mdomo apate kumjibu, nikamshika mkono, tukabaki nyuma yao tunacheka kimyakimya mpaka mtoto akaamka. Mama akamchukua, akambeba yeye, na mimi nikabeba kikapu kitupu, tukaendelea kutembea katikati ya barabara.